Kwa Nini Foki Hii Imeshushwa Bei?

Hakuna muuzaji anayeshusha bei ya foki ya baiskeli ya mlimani bila sababu. Foki iliyokuwa ikiuzwa dola 600 za Marekani ikiwekwa 250, kuna jambo limetokea, na jambo hilo huwa la aina mbili. Aina ya kwanza ni shida ya muuzaji: ghala limejaa, rangi imepitwa na wakati, kiwanda kimetoa toleo jipya. Aina ya pili ni shida inayohamia kwako siku ileile unayolipa: shingo ya foki, yaani bomba lake linaloingia kwenye fremu, imekatwa fupi, paipu zimechubuka, vipuri vyake havipatikani tena. Bei iliyobandikwa inaweza kuwa ileile kwa zote mbili. Mimi ni fundi baiskeli hapa Arusha, na swali ninalowataka wateja wangu waulize kabla ya swali lolote ni hili: kwa nini imeshushwa?

Nalisisitiza kwa sababu huku kwetu baiskeli ya mlimani ni riziki ya watu. Wapo vijana wanaowatembeza wageni kutoka Mto wa Mbu kuelekea Ziwa Manyara. Wapo wanaowapandisha Usambara, kutoka Lushoto kwenda Mtae. Wapo walimu na wanafunzi wanaoteremka kila asubuhi kwenye vijia vya Mlima Meru na kuvipanda tena jioni. Foki mpya ya daraja la juu leo hupita dola 1,000, na wengi wetu hatutainunua kamwe. Foki iliyoshushwa bei ndiyo tunayoiweza, kwa hiyo tuna sababu ya kuifahamu vizuri kuliko mtu mwingine yeyote.

Shokapu hufanya nini

Wengi hudhani shokapu ni ya starehe. Ni ya usalama kwanza. Gurudumu lililo hewani halishiki breki wala halikati kona. Kwenye njia iliyochimbwa na mvua za masika, yenye mawe ya volkano yaliyochomoza, foki ngumu huruka kila tairi linapogonga jiwe. Foki yenye shokapu huliacha tairi lipande jiwe na kulishuka bila kuachana na ardhi. Nafuu ya viganja na mabega huja baada ya hapo.

Ndani yake mna kazi mbili. Springi, iwe ya chuma au ya hewa, hubeba uzito na kuirudisha foki juu. Oili inayosukumwa kupitia matundu madogo huizuia springi isirudi kwa pupa. Foki nyingi za bei ya chini zinazokuja na baiskeli za madukani zina springi lakini hazina udhibiti wa oili wa maana. Hudidimia ukigonga kitu, kisha hukurusha. Nyingi zina uzito wa zaidi ya kilo 2.3, na baadhi zimebandikwa onyo kwamba hazikutengenezwa kwa ajili ya njia mbaya. Foki ya aina hiyo hata ikipunguzwa hadi nusu bei, umenunua uzito tu.

Teknolojia hii haina miaka mingi. Mwaka 1989 Mmarekani Paul Turner, mtu aliyetokea kwenye pikipiki za mashindano, alianzisha RockShox pamoja na Steve Simons. Foki yao ya kwanza, RS-1, ilikuwa na mwendo wa takriban milimita 50, yaani ilididimia kiasi hicho na si zaidi. Mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya dunia ya Durango, Colorado, Ned Overend alishinda mbio za nyika na Greg Herbold akashinda mbio za kuteremka, wote wakitumia foki za RockShox. Tangu siku hizo waliozicheka wakaanza kuzinunua. Leo foki ya kawaida ya njia za milimani ina mwendo wa milimita 100 hadi 150, na ya mashindano ya kuteremka hufika 200. Kila hatua ya safari hiyo imeviacha nyuma vipimo vya zamani, na huko ndiko mapunguzo mengi yanakoanzia.

Punguzo lenye faida kwako

Viwanda hutoa toleo jipya karibu kila mwaka. Mara nyingi kilichobadilika ni rangi, maandishi na kitufe kimoja, lakini muuzaji wa Ulaya au Marekani anapaswa kulisafisha duka ili toleo jipya lipate nafasi. Foki ya mwaka jana iliyo ndani ya boksi lake, ambayo haijafungwa popote, ni punguzo safi kabisa.

Sababu ya pili ni ghala kujaa. Wakati wa janga la Uviko-19, mwaka 2020 na 2021, watu wa nchi tajiri walikimbilia baiskeli, na wafanyabiashara wakaagiza mzigo mkubwa mno. Mzigo ulipofika, wanunuzi walikuwa wamepungua. Oktoba 2023 kampuni ya Uingereza ya Wiggle Chain Reaction, iliyokuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa vipuri vya baiskeli duniani, iliwekwa chini ya usimamizi wa kufilisika. Nyakati kama hizo foki nzuri huuzwa kwa bei ya kutupa, na ubaya haumo katika foki.

Sababu ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa kuwa inatufaa sisi kuliko mwendesha baiskeli wa Munich au Denver. Vipimo vimebadilika. Zamani baiskeli ya mlimani ilikuwa na magurudumu ya inchi 26. Leo mpya karibu zote ni za inchi 29 au 27.5. Ekseli ya mbele ilikuwa nyembamba, ya milimita 9. Leo ni nene, ya milimita 15. Shingo ya foki ilikuwa na unene mmoja kuanzia juu hadi chini. Leo imetanuka chini. Kwa hiyo foki ya inchi 26 yenye shingo iliyonyooka imekuwa mzigo usiotakiwa kule. Baiskeli zinazoshushwa kwenye makontena ya mitumba Dar es Salaam na kusambazwa mpaka huku, nyingi ni za vipimo hivyohivyo. Wanachokitupa wao ndicho fremu zetu zinachokihitaji. Mteja mwenye fremu imara ya zamani asiionee haya. Fremu hiyo ndiyo inayomfungulia bei ambazo mwenye baiskeli ya mwaka huu hazipati.

Zipo pia foki zilizovuliwa kwenye baiskeli mpya kwa sababu mwenye baiskeli ameweka nyingine bora zaidi. Hizi ni karibu mpya na bei yake ni nzuri, ila zichunguze kwa rula, kwani shingo zake karibu kila mara zimeshakatwa kulingana na fremu ya yule mtu.

Pima fremu kabla ya kuiangalia foki

Kijana mmoja anayeongoza watalii alikuja kwangu asubuhi, ameikumbatia foki kama mtoto.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umepata nini leo?"

"Foki ya hewa, fundi. Laki mbili tu! Mwenyewe kaniachia niilete uione kwanza, nikirudi namlipa."

"Umefanya la maana. Lete na baiskeli."

Tukalala chini ya baiskeli na kipimo. Kichwa cha fremu yake, yaani lile bomba la mbele ambamo shingo ya foki hupita, kilikuwa na kipenyo cha ndani cha milimita 34. Kipimo hicho hupokea shingo iliyonyooka ya inchi moja na moja ya nane, yaani milimita 28.6. Foki aliyoileta ilikuwa nzima, paipu zake zinang'aa, lakini shingo yake ilitanuka chini mpaka inchi moja na nusu. Haiingii, na hakuna ujanja halali wa kuiingiza. Nikamwandikia vipimo kwenye kipande cha karatasi, akairudisha foki kwa mwenyewe wakiwa bado marafiki. Baadaye alipata nyingine, ya inchi 26, mwendo wa milimita 100, shingo iliyonyooka, kwa bei ya chini ya ile. Mpaka leo anaitumia kazini.

Vipimo nilivyomwandikia ni hivi, na kila mnunuzi anavihitaji.

Cha kwanza ni kichwa cha fremu. Kipenyo cha ndani cha milimita 34 kinapokea shingo iliyonyooka. Cha milimita 44 kinaweza kupokea hata ile iliyotanuka, mradi kikombe cha chini cha beringi kikae nje ya fremu. Fremu iliyotanuka chini inapokea zote mbili, kwa kuwa ipo ringi ya kupunguzia kwa ajili ya shingo nyembamba. Kipenyo cha milimita 30 ni cha baiskeli za zamani sana zenye shingo ya inchi moja. Hizo haziwezi kuchukua foki hizi. Baiskeli za kubebea mizigo, zile tunazofungia madumu ya maji na mikungu ya ndizi, zisahau kabisa kwa jambo hili.

Cha pili ni urefu wa shingo. Jumlisha urefu wa kichwa cha fremu, vikombe vya beringi, stemu inayoshika usukani na ringi za kujazia. Mfano: kichwa milimita 120, vikombe 25, stemu 40, na ringi za kujazia 10. Jumla 195. Ondoa milimita 3 ili kifuniko cha juu kipate nafasi ya kukaza beringi, inabaki 192. Foki yenye shingo ya 170 haikufai, hata ukipewa bure. Na hapa nasema kwa herufi kubwa: asitokee fundi wa kukuunganishia shingo kwa kuchomelea. Shingo ndiyo inayobeba kifua chako unapoteremka. Ikikatika hakuna breki itakayokusaidia.

Cha tatu ni ekseli. Habu ya gurudumu lako ni ya milimita 9 au 15? Upana wake ni milimita 100 au 110? Kama havilingani na foki, utalazimika kununua habu na kusuka gurudumu upya, na punguzo litaishia hapo.

Cha nne ni breki. Foki nyingi za sasa hazina vile vijiti viwili vya kufungia breki za kubana rimu. Kama baiskeli yako bado ina breki hizo, tafuta foki yenye vijiti, au weka kwenye hesabu bei ya diski, kalipa na habu mpya.

Cha tano ni ukubwa wa gurudumu na mwendo. Gurudumu la inchi 29 ndani ya foki ya inchi 26 ni hatari. Hata likionekana kuingia, foki ikididimia yote tairi litagonga bega, yaani pale shingo inapokutana na paipu mbili, nalo litasimama ghafla. Kuhusu mwendo, fuata fremu ilivyochorwa. Kila milimita 20 unazoongeza zinalaza pembe ya mbele kwa takriban digrii moja. Fremu ya milimita 100 ukiivisha foki ya 140, usukani unakuwa mzito kwenye mwinuko na kichwa cha fremu kinabeba mzigo ambao hakikuandaliwa kuubeba. Huko ndiko nyufa za maungio zinakoanzia.

Iliyotumika ichunguze kwa ukucha

Foki iliyotumika ina haki ya kuuzwa nafuu. Wewe una haki ya kuigeuzageuza.

Anza na paipu za juu, zile zinazong'aa. Pitisha ukucha taratibu kutoka juu hadi chini, pande zote. Ukucha ukinasa, pale pana mchubuko, na mchubuko huo utaichana sili kila foki inapopanda na kushuka. Angalia kama rangi ya paipu imeliwa sehemu moja, hasa upande wa nyuma. Hiyo ni dalili kwamba vumbi limeingia ndani na kusaga kwa muda mrefu. Vumbi letu la volkano ni jepesi na ni kali, linaingia mahali ambapo tope la Ulaya haliingii. Paipu iliyoliwa haitengenezeki kwa dawa wala kwa rangi.

Kisha ifunge kwenye baiskeli kama unaweza, shika breki ya mbele, na tikisa baiskeli mbele na nyuma. Mlio hafifu wa kugonga unaousikia kwenye miguu ya chini ni bushi zilizolegea. Mlio wa kukwaruza kutoka begani ni jambo kubwa zaidi. Paipu na shingo zimesukumiwa begani kwa nguvu kiwandani, hazikufungwa kwa bolti, na zikilegea hubadilishwa sehemu yote ya juu. Bei ya sehemu hiyo mara nyingi hukaribia bei ya foki nyingine iliyotumika. Mshukuru mwenye mali na uondoke.

Ididimize kwa uzito wako wote. Ishuke kwa ulaini, irudi bila kuruka. Zungusha kitufe chekundu cha chini, ambacho kwenye foki nyingi ndicho kinachodhibiti kasi ya kurudi, na uone kama mwendo unabadilika kweli. Kitufe kisipobadilisha chochote, oili imekwisha au sehemu ya ndani imeharibika. Mwisho chunguza shingo pale inapokaribia bega, na miguu ya chini pale ekseli inapokaa. Miguu hiyo kwenye foki nzuri ni ya magneziamu, nyepesi lakini haipendi chumvi. Unga mweupe uliojaa kwenye kona, hasa kwa foki iliyotoka pwani, unaonyesha kwamba imeanza kulika.

Sili ni muhimu kuliko jina

Majina mnayajua: RockShox, Fox ya Marekani, Marzocchi iliyoanzia Italia, SR Suntour yenye mizizi Japani. Mimi nawauliza wateja swali jingine: sili zake zinapatikana? Paipu za milimita 30, 32, 34 na 35 zina sili zake, na sili ya kipimo kimoja kutoka kampuni moja huenda isikae kwenye foki ya kampuni nyingine. Kabla hujalipa, hakikisha jina la foki, mwaka wake na kipenyo cha paipu, kisha tafuta sili zake. Ukizikosa sasa, usitarajie kuzipata itakapovuja. Ninachopendekeza ni kuagiza seti mbili pamoja na foki. Ni ndogo, ni nyepesi, na nauli yake tayari umeilipa.

Foki za hewa nyingi zinataka miguu ya chini ifunguliwe, isafishwe na kutiwa oili mpya baada ya takriban saa 50 za kuendesha. Kwa kijana anayepeleka wageni kila siku, saa hizo hufika kabla msimu haujachanganya. Tumia oili ya foki. Oili ya injini na grisi ya gari zinaweza kuvimbisha sili na kuziba matundu. Usioshe foki kwa dizeli wala mafuta ya taa. Kitambaa chenye maji na sabuni kinatosha, na paipu zifutwe kila baada ya safari.

Je, uchague hewa au springi ya chuma? Hewa ni nyepesi na hurekebishwa kwa uzito wa mtu. Ukikaa juu ya baiskeli, foki ya mwendo wa milimita 100 ididimie kati ya 15 na 25. Ikizidi, ongeza hewa, ikipungua, toa. Inahitaji pampu yake ya shinikizo kubwa, si ile ya tairi, na pampu hiyo lazima iwemo kwenye bajeti. Springi ya chuma ni nzito lakini haivuji hewa ukiwa mbali na mji. Kwa anayebeba wateja tofauti kila siku kwenye baiskeli moja nashauri hewa, kwa sababu mzito na mwepesi hawawezi kuhudumiwa na springi moja.

Hesabu ya mwisho

Kabla ya kusema umepata punguzo, andika jumla yote: bei ya foki, usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT, sili, oili, pampu, na kazi ya fundi. Foki ya dola 150 iliyotoka ng'ambo kwa ndege inaweza kuizidi ile ya dola 220 iliyopo tayari Kariakoo au Nairobi. Njia bora niliyoiona ni ndugu anayerudi likizo. Foki bila gurudumu inakaa kwenye sanduku kubwa. Mwambie atoe hewa kabla ya kuifunga, aifunike paipu kwa nguo, na aitangaze forodhani inavyotakiwa.

Jumla hiyo ikipita nusu ya thamani ya baiskeli yako nzima, ninakushauri usubiri. Na kama njia zako ni lami na barabara tambarare za vumbi, acha foki ya shokapu kabisa. Weka foki ngumu nzuri, tairi pana la inchi 2.2 kama fremu inalipokea, na upunguze upepo kidogo. Utakuwa na baiskeli nyepesi isiyodai sili, na pesa iliyobaki itanunua breki bora.

Kwa wengine wote, wakati mzuri wa kutafuta ni kuanzia Septemba hadi Novemba, wakati maduka ya Ulaya na Marekani yanapokea matoleo mapya na kumaliza ya zamani. Jiandae mapema. Pima kichwa cha fremu, urefu wa shingo, ekseli, breki, gurudumu na mwendo. Viandike, vitume kwa ndugu yako aliye nje au kwa dalali wako wa mitumba, na usikubali foki isiyolingana hata na kipimo kimoja. Muuzaji akikuambia imeshushwa kwa sababu ya rangi au mwaka, na vipimo vikakubali, lipa bila wasiwasi. Akishindwa kukueleza sababu, itafute mwenyewe kwa rula na ukucha pesa ikiwa bado mfukoni mwako.